Mutuka yako inavuma ku njia? Usiongeze sauti ya radio, sikiliza kwanza

Ilikuwa kiangazi, tunatoka Manono kuelekea Kiambi, ndani ya Land Cruiser ya zamani yenye kubeba watu kupita kipimo, pamoja na mifuko ya unga, mabidoni, na mbuzi mumoja aliyefungwa ku mulango wa nyuma. Kisha saa moja hivi ya mwendo, kukaanza sauti. Haikuwa kelele ya kugonga, haikuwa ya kukwaruza. Ni kuvuma tu, vuuuum, kama vile nyuki wengi ndani ya muzinga. Mama mumoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza: «Papa shofere, hiyo ni nini inalia vile?» Shofere akajibu: «Mama, ni barabara.» Kisha akanyoosha mukono, akaongeza sauti ya muziki.

Tulifika Kiambi, Mungu asante. Lakini wakati makanika aliinua gurudumu la mbele la kuume na kulitikisa, lilicheza kama jino la mutoto wa miaka sita. Alipofungua, vyuma vidogo vya ndani vilikuwa vimekuwa vya buluu kwa moto, na viwili vilikuwa vimevunjika. Makanika akamuangalia shofere, akasema: «Mukubwa, kilometa kumi zaidi, na gurudumu lingewapita mbele ya mutuka.»

Kwa hiyo leo tunaeleza juu ya ule muvumo. Watu wengi wanatuuliza juu ya vitu vya mutuka, na hili ndilo swali ambalo wanauliza wakiwa wamechelewa. Mutuka haivume bila sababu. Na mara nyingi inavuma siku nyingi, hata majuma, mbele kitu kivunjike. Ule ndio wakati tuko nao. Shida ni kwamba sauti moja inaweza kutoka fasi tano ao sita, na mutu anayenunua piesi kwa kukisia tu atalipa mara mbili. Huku kwetu piesi haitoke duka la pembeni. Inatoka Lubumbashi, ao inavuka ziwa toka Kigoma mupaka Kalemie, kisha inangojea mutu mwenye kuja huku. Ukikosea, unangojea tena.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: sauti inafwata nini? Inafwata mbio ya gurudumu, ao inafwata mbio ya motere? Kujua hivyo hakuombe chombo hata kimoja. Simamisha mutuka, weka pwamoro, kisha kanyaga mafuta polepole. Kama ule muvumo unasikika wakati mutuka imesimama, na unapanda wakati motere inapanda, basi usiguse magurudumu. Tafuta mbele, ku motere: alternateri, pompe ya maji, pompe ya volani, ao rola yenye kukaza mukanda. Kama inalia zaidi wakati unazungusha volani mupaka mwisho, angalia kwanza mafuta ya volani, mara nyingi yamepungua. Kwa zile zingine, makanika anaondoa mukanda, anawasha motere kwa muda mufupi sana, anasikiliza. Sauti ikipotea, iko ku kimoja cha vile vyenye kuzungushwa na ule mukanda, na anaweza kuzungusha kila kimoja kwa mukono kujua ni kipi kinakwaruza.

Kuko tena muvumo wenye kusikika mutuka imesimama pwamoro, lakini ukikanyaga ambreyaji unapotea, ukiachilia unarudi. Ule ni wa ndani ya buati ya vitesi, mara nyingi rulema ya mbele ya buati. Kama ni kinyume, kimya wakati hukanyage na kelele wakati unakanyaga, angalia rulema ya ambreyaji yenyewe.

Sasa, kama mutuka imesimama na kuko kimya, lakini ukifika kilometa 40 ao 50 ku saa muvumo unaanza, ukiongeza mwendo unapanda, ukipunguza unashuka, hapo tuko ku magurudumu ao ku vitu vyenye kuyazungusha. Fanya jaribio moja la kuhakikisha. Pahali penye kunyooka, hakuna watu, hakuna mutelemuko, peleka mutuka ku kilometa 50, kisha tia pwamoro na uache iteleze. Tafazali, usizime motere! Kuko mashofere wanaozima ili kusikia vizuri, na wanashangaa volani imekuwa nzito na freni imekuwa kama jiwe. Motere ndiyo inasaidia vile vyote viwili. Wacha iwake. Kama muvumo unaendelea vilevile wakati motere imeshuka, basi motere haina makosa.

Hapa ndipo mutu anapaswa kutofautisha mupira na rulema, na watu wengi wanachanganya. Rulema, kwa wale wasioijua, ni ile duara ya chuma yenye vyuma vidogo katikati, ya mviringo kama marisasi ao mirefu kama vipande vya kalamu, ambayo inaacha gurudumu lizunguke juu ya chuma chenye kusimama. Inabeba uzito wote wa mutuka. Ikiwa na grese safi ndani, inaweza kutembea miaka. Maji yakiingia, ao vumbi, inaanza kujikula.

Mupira unabadilisha sauti kufwatana na barabara. Ku lami unalia namna moja, ku udongo mugumu namna ingine, na ukiingia ndani ya muchanga, unanyamaza karibu kabisa. Rulema haijali. Barabara ibadilike mara kumi, yenyewe inaendelea na wimbo wake. Watu wa miji mikubwa wanashauriwa kwenda ku lami laini ili kusikiliza. Sisi lami hatuna nyingi, lakini tuko na kitu kimoja: barabara yetu inabadilika kila dakika tano, muchanga, mawe, udongo mwekundu, muchanga tena. Hilo ni jaribio la bure. Fungua madirisha, zima muziki, pita karibu na ukuta murefu kama kuko ukuta, kwa sababu ukuta unarudisha sauti na utasikia upande gani inatoka.

Kisha simama, pitisha kiganja cha mukono juu ya mupira, toka mbele kwenda nyuma, kisha nyuma kwenda mbele. Kama upande mumoja ni laini na upande mwingine unakwaruza mukono kama musumeno, ao kuko mabonde-bonde, mupira ule unaweza kuvuma sana hata kama rulema ni mupya. Hamisha mupira wa mbele uwe nyuma. Kama sauti inahama nayo, umejua, na haukulipa kitu. Mipira yenye meno makubwa ya matope inavuma kwa asili yake, hiyo si ugonjwa.

Sasa jaribio ambalo mimi mwenyewe ninalipenda kuliko yote. Wakati mutuka iko na mwendo wa kadiri, pahali pa wazi, zungusha volani polepole kwenda kushoto, kisha kuume, kama vile nyoka mukubwa asiye na haraka. Ukienda kushoto, uzito wa mutuka unaegemea kuume. Ukienda kuume, unaegemea kushoto. Rulema yenye kugonjwa, ukiiongezea uzito, italia zaidi. Kwa hiyo kama muvumo unapanda wakati unakata kushoto, shaka ya kwanza ni gurudumu la kuume, na kinyume chake. Ninasema kushoto na kuume kwa mutu aliyekaa akiangalia mbele, maana huku kwetu kuko mutuka nyingi zenye volani ku upande wa kuume, zilizopita Tanzania ao Zambia, na makanika na shofere wanaweza kubishana nusu saa kila mumoja akisema juu ya kushoto kwake. Jaribio hili haliseme kweli mara zote, kuko rulema zenye kudanganya, lakini linakuonyesha gurudumu gani uanze nalo.

Usilifanye na watu juu ya mizigo. Ninafikiri haipaswe kusemwa, lakini ninaisema.

Kisha kilometa 20 ao 30, simama bila kukanyaga freni kwa nguvu, shuka, na karibisha mugongo wa mukono ku kitovu cha kila gurudumu, bila kugusa mara moja. Linganisha la kushoto na la kuume. Yote mawili yakiwa na moto kidogo, ni kawaida. Kama moja linakuchoma na mwenzake ni vuguvugu, kuko neno. Tonyeza maji kidogo: kama yanachemka na kulia chss, chuma kile kimepita digri 100. Inaweza kuwa rulema, inaweza kuwa freni yenye kushika bila kuachilia. Ili kujua, ngojea ipoe, inua na kriki, weka jiwe nyuma ya magurudumu mengine, na jiwe ao gogo chini ya shasi, sababu kriki peke yake imekwisha kuua watu. Zungusha gurudumu kwa mukono. Freni yenye kushika inafanya gurudumu kuwa zito. Rulema mubaya inaacha gurudumu lizunguke, lakini unasikia kama kuko muchanga ndani. Mwenzako aweke vidole juu ya resori wakati unazungusha: ile mitetemo ndogo-ndogo atasikia ku vidole hata mbele ya masikio. Kisha shika gurudumu juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza, ambia mwenzako akanyage freni na ujaribu tena. Kama kuchezacheza kumepotea wakati freni inashika, ni rulema. Kama kunaendelea, angalia viungo vya chini na vya juu, vile vyenye kubeba gurudumu.

Kuna wale watasema: «Nimefanya yote, magurudumu ni mazima, na bado inavuma.» Kwa mutuka yenye kusukuma nyuma, kama Hilux, Land Cruiser, Noah nyingi na kamyo zote, angalia ponti. Ponti iko na tabia yake: inalia wakati unakanyaga mafuta na kunyamaza ukiachilia, ao kinyume chake, inalia ukiachilia. Rulema ya gurudumu haijali mafuta umekanyaga ao hapana. Fungua bulo ya pembeni ya ponti, ile ya kuwekea mafuta, mutuka ikiwa pahali sawa, na uingize kidole. Mafuta yanapaswa kufika ku tundu lenyewe ao karibu sana. Kama kidole kinatoka kikavu, usiendelee na safari. Kama mafuta iko na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia.

Na hapa tufike ku maji, maana ndiyo sababu kubwa kwetu, kupita vumbi na kupita muzigo.

Fikiria mutuka yenye kutembea saa mbili. Vitovu na ponti viko na moto, na hewa ya ndani imepanuka. Unafika ku mutoni, daraja limevunjika, unaingia ndani ya maji ya baridi mupaka katikati ya magurudumu. Chuma kinapoa mara moja, hewa ya ndani inajikunja, na inatafuta kuvuta kitu fulani toka inje. Inavuta nini? Maji, kupitia ile spi, yaani mupira mwembamba wenye kuziba. Kama spi ni muzee, maji yanaingia kabisa. Grese inageuka nyeupe kama pomade, inapoteza nguvu, na kutu inaanza. Juma moja ao mawili baadaye, vuuuum. Wakati ule shofere amekwisha kusahau mutoni. Ponti nyingi ziko na kakifuniko ao kampira kadogo juu yake ka kupumulia, na kenyewe kakizibwa na matope, ponti inavuta maji kwa nguvu zaidi. Kukasafisha ni kazi ya dakika mbili. Hakuna mutu anayekasafisha.

Kwa hiyo mbele ya kuingia mutoni, kama kuko wakati, ngojea kidogo vyuma vipoe. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike. Na kama mutuka imevuka maji mengi ya kufika ku vitovu, fungua na uangalie grese mbele ya muvumo kuanza, si kisha.

Namna ya kutengeneza inategemea mutuka. Ndogo za kusukuma mbele, kama Corolla na RAV4, mara nyingi ziko na rulema yenye kufungwa kabisa. Hiyo haiongezewe grese, inabadilishwa tu, na inaingizwa kwa presi. Makanika mwenye kuipiga nyundo anakuuzia rulema ya majuma mawili. Kama hakuna presi Kiambi, ni afazali kutoa kipande chote na kukipeleka kwenye kuko presi, kuliko kukipigia chini ya muembe.

Land Cruiser za zamani na kamyo nyingi ziko na rulema mbili za vyuma virefu, moja ndani, moja inje, na hizo zinafunguliwa. Zikiwa nzima bado, zinasafishwa kwa mazutu ao petroli ya taa, zinakaushwa, zinaangaliwa ku jua. Kama unaona vitundu vidogo, rangi ya buluu, ao mistari, zitupe, na utupe pia ile duara ya inje yenye kubaki ndani ya kitovu. Vyote viwili vinazeeka pamoja. Ukiweka mupya juu ya muzee, mupya anakufa mbio. Kuiingiza duara ya inje, tumia ile ya zamani kama kipande cha kupigia, ama chuma laini cha shaba, ukizunguka pande zote. Grese inasukumwa kwa kiganja mupaka itoke ku upande mwingine, katikati ya kila chuma. Kupakaa juu tu kama siagi ku mukate haisaidie kitu. Na spi inakuwa mupya kila mara, bila kubishana: ni kitu cha bei ndogo chenye kulinda kitu cha bei kubwa.

Mahali ambapo garaji zetu zinakosea sana ni ku kukaza. Ku Land Cruiser hizo, bulo kubwa ya kitovu inaomba kle ya 54. Wengi hawana, wanapiga na burini na nyundo. Bulo inaharibika, na hakuna anayejua imekazwa kiasi gani. Namna yake ni hii: unakaza kwa nguvu huku ukizungusha gurudumu mara nyingi ili vyuma vikae fasi yao, kisha unalegeza, kisha unakaza tena kidogo tu, mupaka hakuna kucheza lakini gurudumu linazunguka bila shida. Kisha unafunga ile bulo ya pili na kukunja kile kibati chenye kuizuia. Ukikaza sana, rulema mupya itaungua ku safari ya kwanza. Ukilegeza sana, itagongagonga na kuvunjika. Kwa hiyo kununua kle ya 54 kwa garaji moja ni kitu kidogo kuliko rulema inazopoteza mwaka muzima.

Sasa, namna ya kutuma piesi. Usitume ujumbe «ninaomba rulema ya Land Cruiser ya mbele». Soma namba iliyoandikwa ku ukingo wa rulema ya zamani, ipige picha, tuma. Ile namba iko na maana. Ku namba za kawaida, tarakimu mbili za mwisho mara tano zinakupa upana wa tundu kwa milimeta: 30208 ni 40, 6204 ni 20. Ila chini ya 04 hesabu inabadilika: 6202 ni 15, 6203 ni 17. Zenye kuanza na herufi kama LM ziko na vipimo vya inchi na hazifwate hesabu hii, hizo nakili tu herufi kwa herufi. Ikiandikwa 2RS ku mwisho, inamaanisha kuko mipira ya kuziba pande zote mbili. Vijana wa pikipiki, hii ni yenu pia: magurudumu ya pikipiki yako na rulema za namna hii ya 62 na 63, na zenyewe zinavuma mbele ya kufa, sema tu helmeti na upepo vinawazuia kusikia. Weka pikipiki ku sitandi, zungusha gurudumu, shika ku mupira na ulitikise kushoto na kuume. Dakika moja.

Ukipata ya okazio, izungushe kwa kidole karibu na sikio. Kama inakwaruza ingawa ni kavu na safi, irudishe kwa mwenye kuuza.

Na kama uko katikati ya njia na muvumo umeanza, makao iko mbali? Yote inategemea kuchezacheza na moto. Muvumo peke yake, gurudumu halichezi, kitovu hakichome: unaweza kuendelea polepole, kilometa 30 ku saa, ukisimama kila kilometa 10 kugusa. Gurudumu likianza kucheza, ao volani ikianza kutetemeka, ao kuko harufu ya kuungua, ao sauti imetoka ku kuvuma ikawa ya kusaga mawe, shusha watu. Pale safari imefika mwisho wake, hata kama Kiambi inaonekana. Hata kama ni usiku, hata kama muzigo ni wa mukubwa fulani.

Ile Land Cruiser yetu ililala Kiambi siku tisa. Rulema ya kwanza iliyotumwa ilikuwa ya nyuma, sababu shofere aliagiza kwa simu bila namba. Ya pili ilikuwa yenyewe. Kisha kuiweka, makanika hakumuachilia aende. Alimwambia: «Mukubwa, tembea kwanza kilometa 15, rudi, nitagusa.» Akagusa, akafungua kifuniko, akakaza bulo kidogo tena, maana vyuma vipya vinajikalisha. Yule mama wa dirishani alikuwa amekwisha kuendelea na safari yake juu ya pikipiki tangu siku ya pili.